Kilomita 665: Waraka kwa Mawaziri Wawili wa Uchukuzi

Waheshimiwa Mawaziri,

Nimewaandikia waraka mmoja kwa makusudi, wewe wa Dodoma na wewe wa Nairobi. Ningemwandikia kila mmoja wake, kila mmoja angenijibu kwamba kasoro iko kwa mwenzake, na majibu ya namna hiyo tumeshayapata ya kutosha tangu 1977. Naomba huu muusome pamoja, meza moja, na kila panapouma muulizane ninyi kwa ninyi kabla hamjaniuliza mimi.

Habari yangu ni umbali wa Dar es Salaam na Nairobi. Kwa mstari wa angani, kutoka Kiwanja cha Kimataifa cha Julius Nyerere hadi kile cha Jomo Kenyatta ni takribani kilomita 665, ambazo marubani huzihesabu kuwa maili za baharini 359. Ndege ya jeti ikishatulia juu hukata zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Mtoto wa shule ya msingi akipewa hesabu hiyo atajibu dakika 50. Tiketi inasema saa moja na dakika 20, pengine na nusu.

Tofauti hiyo ina maelezo ya haki, nami nayakubali. Muda unaoandikwa kwenye tiketi hauanzi magurudumu yanapoiacha ardhi. Unaanza pale vizuizi vya magurudumu vinapoondolewa, na unakwisha pale vinaporudishwa upande wa pili. Ndani yake mna kusukumwa nyuma, kutambaa hadi njia ya kurukia, kusubiri zamu, kupanda, kushuka, kuzungushwa kidogo Nairobi panapokuwa na msongamano, kutua na kutafuta maegesho. Mashirika nayo huongeza dakika za akiba ili ndege ikikwama kidogo isionekane imechelewa. Hata ikichelewa, kwa kipimo kinachotumika katika biashara hiyo duniani kote, chini ya dakika 15 huhesabiwa kuwa imewahi. Sina ugomvi na lolote katika hayo. Rubani na mhandisi wanatimiza wajibu wao vizuri, na ninawashukuru. Kutoka Nairobi, abiria aliyekaa dirisha la kulia huonyeshwa Kilimanjaro siku ambayo mawingu yamemwachia nafasi, na mimi sijaona safari ya saa moja na ushei duniani inayotoa zawadi kubwa kuliko hiyo.

Ugomvi wangu uko kwenye saa zilizobaki, zile ambazo tiketi haizitaji, na ambazo ziko mikononi mwenu.

Mchukueni mfanyabiashara anayeishi Tegeta, Dar es Salaam, na mwenye shughuli Eastleigh, Nairobi. Shirika la ndege linamtaka awe kiwanjani saa tatu kabla ya kuruka, kwa sababu safari yake inaitwa ya kimataifa. Ili afike, lazima avuke Mwenge, Ubungo, Buguruni na TAZARA, na mwenye busara anajitengea saa moja na nusu. Ndege inaruka, anakaa ndani saa moja na dakika 20. Akitua anapanga foleni ya uhamiaji, anasubiri mzigo, anapita forodhani. Mpe saa moja. Kutoka kiwanjani Embakasi hadi Eastleigh mpe saa moja nyingine, maana Nairobi nayo ina foleni zake. Jumla inakaribia saa nane. Gawanyeni kilomita 665 kwa saa nane: mtapata kilomita 83 kwa saa. Hiyo, Waheshimiwa, ni kasi ya basi lililofungwa kidhibiti mwendo. Abiria amelipia jeti, na nchi zetu mbili zimemfikisha kwa mwendo wa basi.

Basi lenyewe, kwa haki yake, lina safari ndefu zaidi. Barabara inapita Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Moshi, Arusha na Namanga, takribani kilomita 900, na anayeondoka alfajiri hufika usiku. Waliomo humo hawana kinachowapeleka huko isipokuwa nauli. Wamo wanafunzi, wamo wagonjwa wenye barua za rufaa, wamo wazee wanaokwenda kwenye harusi na misiba ya damu yao. Hao ndio ambao ndege ingewafaa kuliko wote, na ndio ambao hawapo kwenye ndege.

Nawapongezeni kwa mliyoyafanya. Barabara ya juu ya Mfugale pale TAZARA, iliyofunguliwa 2018, imeondoa kero iliyokuwa imeshazoeleka kama hali ya hewa. Ile ya Kijazi pale Ubungo, ya 2021, imefanya vivyo hivyo. Jengo la tatu la abiria Dar es Salaam lilipofunguliwa 2019 lilitupa nafasi ya kupumua. Nairobi nako, barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands imewaokoa wengi tangu 2022, angalau wale wenye uwezo wa kuilipia. Haya yote yamegharimu fedha nyingi, zikiwemo za mikopo ambayo wajukuu wetu wataendelea kuilipa, na kila moja limeokoa dakika kadhaa. Saa mbili au tatu zinazobaki hazihitaji zege wala nondo. Zinahitaji saini zenu, na hizo ndizo hazijapatikana.

Naamini mojawapo ya sababu ni kwamba hamzioni. Ninyi hufikishwa mlango wa viongozi, mizigo yenu huchukuliwa, pasipoti zenu hugongwa mihuri mkiwa mmekaa, na gari hukuta njia imeshafunguliwa. Si kosa lenu, ni itifaki ya cheo. Lakini matokeo yake ni kwamba kwenu ninyi Dar es Salaam na Nairobi kweli ziko mbali kwa saa moja na dakika 20, na mnapotunga sera mnatungia safari hiyo yenu. Nawaombeni siku moja msafiri kama sisi: mpange foleni yetu, bila msaidizi na bila simu ya kutangulia. Hakuna ripoti ya mtaalamu itakayowaeleza zaidi ya hiyo.

Sasa nije kwenye ada, maana hapo ndipo panaponikera zaidi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa anga ni kilomita 850 hivi. Hadi Bukoba ni zaidi ya 1,000. Hadi Kigoma ni karibu 1,080. Safari hizo zote ni ndefu kuliko ya Nairobi, tena ile ya Kigoma inaipita kwa zaidi ya nusu. Anayekwenda Kigoma hulipa ada ya huduma ya abiria ya shilingi 10,000 za Tanzania, huonyesha kitambulisho na kupanda. Anayekwenda Nairobi hulipa dola 40 za Marekani. Upande wa Kenya, anayeruka kutoka Nairobi hadi Mombasa, kilomita 420 na ushei, hutozwa shilingi 600 za Kenya. Anayeruka kuja Dar es Salaam hutozwa dola 50. Kwenda na kurudi ni dola 90 kwa kupita milangoni tu, kabla hatujalipia tone la mafuta, kiti, wala mshahara wa rubani. Ada za usalama na kodi nyingine sijazigusa.

Ninawauliza kwa adabu, na ninataka jibu: abiria wa Nairobi anatumia nini pale kiwanjani ambacho abiria wa Kigoma hatumii, chenye thamani ya kuzidisha ada yake mara nyingi kiasi hicho? Vyoo ni vilevile. Njia ya kurukia ni ileile. Waongoza ndege ni walewale. Kilichoongezeka ni dawati la uhamiaji, na huduma ya dawati hilo ni kumchelewesha. Tunalipishwa kwa kucheleweshwa, na tunalipishwa kwa dola, fedha ambayo si ya kwenu wala ya kwetu.

Mtaniambia kwamba ada hizi hukusanywa kwa kila safari ya nje, iwe ya Nairobi, Dubai au London, na kwamba sheria haibagui. Hapo ndipo penye kosa. Dola 40 juu ya tiketi ya London ni tone. Dola hizohizo juu ya safari ya saa moja ni sehemu kubwa ya nauli nzima. Ada isiyobagua umbali inamwonea wa karibu. Ukitaka kumfundisha Mtanzania kwamba Dubai ni jirani na Nairobi ni ughaibuni, hutapata njia iliyo rahisi kuliko hiyo.

Haikuwa hivi siku zote, na wazee wenu ofisini wanalijua hili. Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilikuwa na shirika moja la ndege tangu 1946, East African Airways. Mwaka 1960 lilipokea Comet 4, jeti zilizokwenda zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Someni tena kasi hiyo. Miaka mingi imepita, na hakuna ndege inayopita leo kati ya miji yetu miwili inayoishinda Comet kwa kiasi cha kuhisiwa na abiria. Teknolojia ya mwendo ilishafika mwisho wake kwa safari hii kabla ya uhuru. Kila saa iliyoongezeka tangu hapo tumeiongeza sisi wenyewe.

Tarehe 5 Juni 1963, Kenyatta, Nyerere na Obote walitoa tamko jijini Nairobi kwamba nchi zao zitaungana katika shirikisho moja kabla ya mwaka kwisha. Shirikisho halikuja, lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuja, 1967, na shirika la ndege likaendelea kuwa la pamoja. Kisha likaja deni, zikaja shutuma za nani hajalipa mchango wake, na mwanzoni mwa 1977 shirika likafa. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari. Magari na ndege ndogo za upande wa pili zikazuiliwa. Kila nchi ikaanzisha shirika lake. Mpaka ukakaa umefungwa hadi Novemba 1983, baada ya msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, kukaa miaka akigawanya mali za Jumuiya iliyokuwa imevunjika, kama mtu anavyogawa mirathi ya ndugu wasiosemezana. Kwa karibu miaka saba, kilomita 665 zilikuwa palepale, na watoto wa nyumba mbili za ukoo mmoja walikua bila kuonana.

Leo kiwanja kimoja kinaitwa Julius Nyerere na kingine Jomo Kenyatta. Anayetoka kwa Nyerere kwenda kwa Kenyatta hutozwa dola 40. Akitoka kwa Kenyatta kurudi kwa Nyerere, 50. Ninyi mmewaenzi waasisi kwa kuandika majina yao juu ya milango. Walichotamka 1963 kinasubiri nje ya milango hiyohiyo.

Mngeweza kusema hayo ni ya zamani. Basi tuje ya juzi. Tarehe 1 Agosti 2020 Kenya ilifungua tena anga yake baada ya miezi ya Uviko. Orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeingia bila karantini ikatoka, na Tanzania haikuwemo. Tanzania ikafuta kibali cha Kenya Airways kuanzia siku hiyohiyo. Tarehe 25 Agosti ikafuta na vibali vya mashirika mengine matatu ya Kenya. Katikati ya Septemba Kenya ikaiingiza Tanzania kwenye orodha, na vibali vikarudi. Mwezi na nusu, tena katika mwaka ambao watu walikuwa wanazika. Msafiri aliyelazimika kuzungukia Addis Ababa alikwenda zaidi ya kilomita 1,700 kaskazini, kisha akarudi 1,150 kusini. Jumla ni kilomita 2,900 kumfikia ndugu aliye kilomita 665. Hakuna mlima uliohama wala bahari iliyoongezeka. Ofisi mbili ziliandikiana barua.

Miaka mitatu na miezi kadhaa baadaye mkarudia. Tarehe 15 Januari 2024 Tanzania ilitangaza kwamba Kenya Airways haitaruhusiwa kuleta abiria Dar es Salaam kutoka Nairobi kuanzia tarehe 22, kwa sababu Kenya ilikuwa imeinyima Air Tanzania kibali cha ndege yake ya mizigo kutumia haki ya tano ya usafiri wa anga, yaani kuchukua mizigo Nairobi na kuipeleka nchi ya tatu. Hasira ikapanda, mawaziri wa mambo ya nje wakapigiana simu, na kabla tarehe 22 haijafika kibali kikapatikana na katazo likaondolewa. Sisi tuliokuwa na tiketi mkononi hatukupigiwa simu na yeyote.

Kila upande ulikuwa na hoja. Kenya ilikuwa na haki ya kulinda afya ya watu wake 2020, na Tanzania ilikuwa na haki ya kudai kutendewa sawa. Mwaka 2024 Tanzania ilikuwa imenunua ndege ya mizigo kwa fedha za wananchi na haikuona sababu ya kuifungia, na kwa maoni yangu Kenya ndiyo iliyokosea hapo. Lakini tazameni silaha mliyochagua mara zote mbili. Mnapogombana juu ya orodha, mnamfungia abiria. Mnapogombana juu ya mizigo, mnamtishia abiria. Mkiwa na kisasi cha shirika kwa shirika, hakuna sababu ya kukiwekea rehani msiba wa mtu.

Najua msingi wa mamlaka haya ya kufungiana anga. Mkataba wa Chicago wa Desemba 1944 unaipa kila nchi enzi kamili juu ya anga yake, na tangu hapo ndege hazivuki mipaka ila kwa ruhusa. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba Afrika ilishaamua kulegeza hayo kwa hiari yake. Mwaka 1999 mawaziri wenye dhamana kama zenu walikutana Yamoussoukro wakakubaliana kufunguliana anga, pamoja na hiyo haki ya tano. Mwaka 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la usafiri wa anga, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kujiunga. Nchi iliyoweka saini ya kufungulia bara zima ikasita kumfungulia jirani ndege ya mizigo. Nanyi wa Tanzania, mlioudhika kwa kufungiwa, mlijibu kwa kufunga. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza kutumika Julai 2010, na makao makuu ya Jumuiya iliyofufuliwa yako Arusha, mji ambao basi la Dar es Salaam kwenda Nairobi kwa njia ya Namanga hupitia. Maafisa wake wakitazama barabarani wanaona uthibitisho wa kazi isiyomalizika.

Hoja ya kulinda mashirika ya taifa naiheshimu. Air Tanzania ilikuwa imebaki jina tu hadi ilipoanza kununuliwa ndege mpya 2016, na mimi ni mmoja wa waliofurahi kuiona tena angani. Serikali ya Kenya nayo inamiliki asilimia 48.9 ya Kenya Airways na imeibeba kwa gharama kubwa. Lakini kumlinda mtoto kwa kumfungia ndani hakumfundishi kutembea. Afrika ina zaidi ya asilimia 18 ya watu wote duniani, na mashirika yake hubeba takribani asilimia 2 tu ya abiria wa ndege. Adui wa Air Tanzania si Kenya Airways, na wa Kenya Airways si Air Tanzania. Wanaochukua abiria wetu wa mbali ni wa Ghuba na Addis Ababa, na wanaochukua abiria wetu wa karibu ni mabasi. Tena kushirikiana kwa kuvuka mpaka kulishawezekana: 2003 Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya Precision Air ya Tanzania, na hakuna enzi ya taifa iliyoanguka kwa hilo. Shirika litakalokuza abiria wa Dar es Salaam na Nairobi ni lile litakalompata mtu wa basi, na mtu wa basi hawezi kupatikana huku dola 90 zimesimama katikati.

Nikishasema hayo, si vizuri niondoke bila kuomba kitu kinachowezekana. Ombi la kwanza mnalijua: abiria anayesafiri kati ya nchi zetu atozwe ada ileile anayotozwa wa ndani. Mkishindwa kuifuta yote kwa mara moja, anzeni na nusu, lakini anzeni pamoja. Mkisema mapato yatapungua, kumbukeni kwamba mnakusanya dola 40 kwa wachache wanaopanda na hamkusanyi hata senti kwa wote wanaoshindwa kupanda.

Ombi la pili halina gharama hata kidogo. Kenya, Uganda na Rwanda zinawaruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Tanzania bado inataka pasipoti au hati ya kusafiria ya muda. Mheshimiwa wa Dodoma, serikali yako imetuandikisha, imetupiga picha, imechukua alama zetu za vidole vyote kumi na kutupa namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA. Namba hiyo inatosha kufungua akaunti ya benki na kusajili laini ya simu. Inatosha pia kuthibitisha kwamba mimi ni mimi ninapokwenda Nairobi kumwona mgonjwa. Najua jambo hili ni la wizara ya mwenzako, ila sauti yako mezani ina uzito.

La tatu ndilo ninalolipa tumaini kubwa, kwa sababu mmeshalifanya kwa mikono yenu wenyewe. Pale Namanga, tangu Desemba 2018, kuna kituo cha pamoja cha mpakani. Msafiri wa basi hashuki mara mbili. Anavuka moja kwa moja hadi upande anaokwenda, na huko, ndani ya jengo moja, maafisa wa nchi zote mbili wamekaa pamoja: mmoja anamgongea kutoka, mwingine anamgongea kuingia, basi linaendelea. Marais wa nchi mbili walikwenda kukizindua. Mlifanya vizuri, na natamani kila raia apite pale aone kwamba Afrika Mashariki inawezekana. Sasa nielezeni ni kwa nini abiria wa basi ana heshima hiyo na wa ndege hana. Afisa wa Kenya akikaa Dar es Salaam kando ya mwenzake wa Tanzania, na wa Tanzania akikaa Nairobi, abiria atatua akiwa ameshamaliza kila kitu, atatoka kama aliyetoka Mwanza. Hakuna jengo jipya linalotakiwa. Yanatakiwa madawati mawili na viti vinne.

Na mashirika ya ndege, ambayo nakala ya waraka huu itayafikia, nayaomba neno moja la ukweli: andikeni kwenye tiketi saa ambayo abiria anapaswa kuondoka nyumbani na saa anayoweza kutarajia kufika mjini, kando ya ile saa moja na dakika 20. Mteja akiona saa nane zimeandikwa kwa wino, atajua wa kumlalamikia, na huenda mkapata mtetezi ambaye hamkumtarajia.

Waheshimiwa, mna tarehe moja ambayo haikwepeki. Kwa desturi ya Jumuiya, bajeti za nchi zetu husomwa mwezi Juni, siku moja, Dodoma na Nairobi. Mawaziri wa fedha husimama karibu saa ileile, kila mmoja na mkoba wake, na marekebisho ya ada huwa ndani ya hotuba hizo. Nawaombeni muonane nao mapema, wote wanne kwa pamoja, ili siku hiyo ada ya abiria kati ya Dar es Salaam na Nairobi ishuke katika hotuba zote mbili, kwa kiwango kimoja na kuanzia tarehe moja. Mkikubali, niandikieni. Mkikataa, niandikieni vilevile na mnieleze sababu, na barua hiyo iwe na saini mbili.

Wasalaam,

Abiria wa kawaida,
Dar es Salaam